Je, Wajua? Taa Ndogo Ndani ya Picha

Je, wajua kwamba ukichora mji wa usiku kwenye kadi nene, unaweza kuyawasha madirisha yake kwa betri ya saa? Ile ya mviringo iliyoandikwa CR2032 ina volti 3, kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Ibane katikati ya miguu miwili ya taa nyekundu ya LED, nayo itawaka papo hapo, bila waya wala lehemu.

Je, wajua kwamba LED hupitisha umeme upande mmoja tu? Mguu mrefu ni chanya, mfupi ni hasi. Kama miguu imekwisha kukatwa, papasa ukingo wa kofia yake: upande uliobapa ndio hasi. Isipowaka kwenye betri ya saa, igeuze. Kwa volti 3 haidhuriki.

Kwa betri ya volti 9 mambo ni mengine, na hapa ndipo taa nyingi za wanafunzi hufia. Balbu ya zamani yenye uzi wa chuma ndani hujizuia yenyewe, kwa kuwa uzi ukipata moto ukinzani wake hupanda. LED haina breki hiyo. Ikishavuka volti zake za kuwakia, ukiongeza volti kidogo tu, mkondo unaruka juu sana. Taa inapata joto, inavuta mkondo zaidi, inakufa. Kinachouzuia mkondo huo ni rezista, kijidude cha bei ndogo kuliko vyote mezani.

Hesabu yake ni ya kutoa na kugawanya. Betri ina volti 9, LED nyekundu inachukua kama 2, zinabaki 7. Ukitaka mkondo wa miliampea 20, yaani ampea 0.02, gawanya 7 kwa 0.02 upate omu 350. Dukani chukua namba ya juu kidogo: 390, au 470 yenye mistari ya manjano, zambarau na kahawia. Mimi ningeanza na omu 1,000: kahawia, nyeusi, nyekundu. Mkondo unashuka hadi miliampea 7 hivi, na kwa kuwa jicho letu halipimi mwanga kama mita, picha bado inang'aa vizuri huku betri ikidumu karibu mara tatu zaidi. Kwa mchoro wa kutundika ukutani, huo ndio uamuzi wa busara.

Mbona basi betri ya saa haikuhitaji rezista? Ina ukinzani wake wa ndani, nayo ni dhaifu kiasi cha kutoweza kusukuma mkondo mkubwa.

Je, wajua kwamba nyekundu huinyima nyeupe umeme? Weka LED nyekundu na nyeupe sambamba kwenye betri moja ya saa: nyekundu itawaka, nyeupe itabaki giza au kufifia kabisa. Nyekundu huwaka kwa volti 2 hivi, nyeupe na buluu huhitaji karibu 3. Nyekundu ikianza kuvuta, volti za betri hushuka, na nyeupe haifikii kiwango chake. Kwenye betri kubwa, dawa ni kuipa kila taa rezista yake. Taa tatu nyekundu unaweza pia kuzipanga kwa kufuatana: zinachukua volti 6, zinabaki 3, na rezista moja ya omu 150 inazitosha zote.

Je, wajua kwamba LED nyeupe ya kawaida ndani yake ni buluu? Kiini chake hutoa mwanga wa buluu, na juu yake kuna unga wa manjano unaomeza sehemu ya buluu hiyo na kuigeuza rangi nyingine. Mchanganyiko hutufikia ukiwa mweupe. Tazama taa nyeupe iliyozimwa, utauona unjano.

Na buluu ndiyo iliyowasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1907 Henry Joseph Round, aliyekuwa akifanya kazi na Marconi, mwasisi wa redio, aliona kipande cha kaborandamu kikitoa mwanga wa manjano kilipopitishiwa umeme. Katika miaka ya 1920 Mrusi Oleg Losev aliuchunguza mwanga wa namna hiyo kwa kina. Alikufa kwa njaa Leningrad ilipozingirwa, mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 38. Nick Holonyak, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, alitengeneza LED nyekundu ya kuonekana kwa macho katika kampuni ya General Electric mwaka 1962. Ikapita miaka thelathini ndipo buluu kali ikapatikana, kwa kazi ya Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Holonyak hakuwemo. Naamini alistahili.

Je, wajua kwamba penseli huchora rezista? Grafiti hupitisha umeme. Chora mstari mnene kwa penseli laini ya 6B, uunganishe na betri ya volti 9 na LED nyekundu: karibu na mwanzo wa mstari taa huwaka, ukisogea mbali hufifia. Mchoro wenyewe umekuwa sehemu ya saketi.

Njia za umeme kwenye karatasi hutengenezwa kwa utepe wa shaba wenye gundi. Kwenye kona ukunje, usiukate, kwa sababu mara nyingi gundi ya chini haipitishi umeme na vipande viwili vilivyopandana havishiki. Ukilazimika kukata, tia tone la lehemu kwenye maungio. Nyingi za lehemu zina madini ya risasi, ambayo ni sumu: fungua dirisha, na nawa mikono kabla ya kula.

Je, wajua kwamba msanii Atsuko Tanaka wa Japani alivaa gauni la balbu za rangi mwaka 1956, umeme ukipita kwenye nyaya zilizomzunguka mwili mzima? Sisi tuna volti 3, tunashukuru. Mwaka 2013 msanii Leo Villareal alitandaza LED nyeupe 25,000 kwenye kamba za daraja la San Francisco. Nanyi mkitaka mwanga utawanyike badala ya kuchoma kama ncha ya sindano, sugueni kofia ya LED kwa msasa laini.

Taa za bure zimo kwenye tochi mbovu. Ile ya rimoti ya televisheni iache: mwanga wake hauonekani kwa macho, ingawa kamera nyingi za simu huuona.

Hili nalisema kwa uzito. Betri ya saa ikimezwa na mtoto inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Ifungie ndani ya kadi kwa gundi na utepe, na ukishuku imemezwa, kimbilia hospitali bila kusubiri dalili. Na taa hizi zisiguswe kabisa na umeme wa ukutani.

Je, wajua kwamba LED pia huhisi mwanga? Unganisha nyekundu na mita ya fundi iliyowekwa kwenye volti, uielekeze kwenye jua: mita itasoma zaidi ya volti moja. Mmarekani Forrest Mims alizitumia LED kwa njia hiyo kupima utando wa hewa unaofifisha jua.