Fahamu: Kwa nini maganda ya mihogo mibichi huua mbuzi

Wauza mihogo wa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, Dar es Salaam, wakimaliza kumenya, maganda hubaki viroba kwa viroba. Kwa mfugaji wa mjini mwenye mbuzi wawili watatu uani, hicho ni chakula cha bure. Lakini maganda hayo yakiliwa mabichi na kwa wingi, yanaweza kuua.

Sumu inatoka wapi?
Muhogo una kemikali iitwayo linamarini. Ganda likikatwa au kutafunwa, linamarini hukutana na kimeng'enya cha mmea wenyewe, na sumu ya sianidi huzalishwa. Maganda huwa na sumu nyingi kuliko nyama ya ndani, hata kwa muhogo mtamu. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wamo hatarini zaidi, kwani vijidudu vya tumboni mwao huharakisha kazi hiyo.

Dalili ni zipi?
Sianidi huzuia seli kutumia oksijeni. Mnyama huhema kwa nguvu ilhali damu yake ni nyekundu ya kung'aa. Hupepesuka, hutokwa povu, huanguka na kutetemeka. Anaweza kufa ndani ya dakika chache.

Ufanye nini?
Muite daktari wa mifugo mara moja. Sindano ya thiosulfeti ya sodiamu husaidia ikiwahi.

Kinga ni rahisi zaidi. Katakata maganda, uyaanike hadi yakauke kabisa: sianidi huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, kwa hiyo jua la Dar huitoa hewani. Kisha lisha kidogo kidogo, ukichanganya na majani. Mnyama mwenye njaa kali usimpe maganda matupu.