Tone la gesi lililoanza kwenye karatasi

Tone la mvua linaloteleza juu ya bati kule Buyenzi halihitaji chombo cha kulishika. Molekuli za maji huvutana, lakini zikikaribiana mno husukumana, na mizani hiyo ndiyo inayolipa tone umbo. Gesi haina desturi hiyo. Ukiifungulia hutawanyika hadi ijaze chumba. Mwaka 2015 mwanafizikia Dmitry Petrov, akifanya kazi Orsay, Ufaransa, alionyesha kwa hesabu tupu kwamba hata gesi nyembamba sana inaweza kujishika yenyewe ikawa tone.

Gesi hiyo ni ya atomi zilizopozwa karibu kabisa na sifuri kamili, yaani nyuzi 273 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo atomi huacha kwenda kila moja kivyake, zikawa kama wimbi moja. Eric Cornell na Carl Wieman ndio waliofanikisha hali hiyo kwanza, mwaka 1995 huko Boulder, Marekani, wakitumia rubidi.

Petrov alichukua aina mbili za atomi. Za aina moja husukumana, za aina tofauti huvutana. Nguvu hizo zikikaribia kufutana, hubaki mvuto mdogo, ambao nishati yake hukua kwa kipeo cha pili cha msongamano. Mvuto huo ukiachiwa peke yake, gesi itaporomoka. Lakini kanuni za kwanta haziruhusu atomi itulie kabisa. Mtikisiko wake huzaa msukumo mdogo, uliokokotolewa na T. D. Lee, Kerson Huang na C. N. Yang mwaka 1957, nao hukua kwa kipeo cha mbili na nusu. Ongeza msongamano mara 4: mvuto unapanda mara 16, msukumo mara 32. Kwa hiyo msukumo hatimaye huufikia mvuto, na gesi ikaacha kuporomoka.

Maabara hazikukawia. Huko Stuttgart, Ujerumani, kundi la Tilman Pfau lilitarajia gesi ya disprosi iporomoke, badala yake likaona matone. Matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Mwaka 2018 kundi la Leticia Tarruell, karibu na Barcelona, lilitengeneza matone ya potasiamu yenye msongamano mdogo kuliko maji takriban mara milioni 100. Atomi zikipungua kupita kiasi, tone hurudi kuwa gesi.

Maabara ya namna hiyo ni ghali. Nadharia yake inataka karatasi, kompyuta na mwalimu mzuri, na hilo Burundi inaliweza. Jirani zetu wa Kigali, tangu mwaka 2018, wana taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki, tawi la kituo alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam huko Trieste, Italia, mwaka 1964, inayofundisha shahada za uzamili na uzamivu.

Mwanafunzi wa Bujumbura asingoje kufika huko. Ukigawanya nishati za mvuto na msukumo kwa msongamano, unapata nishati ya kila atomi, ambayo, ukiacha viwango vya vipimo, ni −n jumlisha n mara kipeuo cha pili cha n, ambapo n ni msongamano. Chora grafu yake. Utaona inashuka, inafika chini kabisa pale n = 4/9, kisha inapanda. Msongamano wa hapo, nishati inapokuwa ya chini kabisa, ndio wa tone. Walimu wa fizikia, wapeni vijana swali hili darasani.