Ndovu na Mfalme: Kusoma Picha za Sarafu za Fedha

Sarafu ya fedha ya faranga 5 iliyotolewa na Dola Huru la Kongo mwaka 1887 ina sura ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji upande mmoja: ndevu ndefu, kichwa bila taji. Upande wa pili simba wawili wameshika ngao. Mstari wa mawimbi unaoikata ngao hiyo ni mto Kongo, na pembeni yake kuna nyota. Chini pameandikwa kwa Kifaransa "Kazi na Maendeleo". Kuyasoma maneno hayo leo kunauma, kwani kazi yenyewe ilikuwa ya kuvuna mpira kwa kiboko na bunduki.

Desturi ya mtawala kuweka sura yake kwenye fedha ni ya kale. Mwaka 44 KK Julius Caesar aliweka sura yake kwenye fedha za Roma angali hai, jambo ambalo Waroma hawakulizoea. Miaka mitano kabla yake alikuwa ametumia picha tu: ndovu anakanyaga nyoka, jina CAESAR likiwa chini ya miguu yake, na nyuma vyombo vya kuhani, shoka na kofia. Wengi husoma hapo ushindi dhidi ya uovu. Askari asiyejua kusoma aliuelewa ujumbe.

Ndovu alirudi mwaka 1944, kwenye faranga 50 za fedha za Kongo ya Wabelgiji. Mfalme hayumo. Jina la benki limeandikwa kwa Kifaransa na Kiholanzi. Kwenye sarafu hiyo halimo hata neno moja la lugha ya wenyeji.