Madoa ya Maembe

Embe likionekana lina doa, watu wengi husema, "Limeoza," wakalitupa. Jibu hilo halitoshi. Madoa yana sababu mbalimbali, na kila sababu ina dawa yake. Asiyeijua sababu hununua dawa isiyofaa, na mwakani hupoteza maembe tena.

Anza kwa kulipangusa embe kwa kitambaa chenye maji. Weusi ukitoka kama masizi, ganda ni zima. Hiyo ni kuvu iliyoota juu ya majimaji matamu yatolewayo na wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa mti. Embe hilo laweza kuliwa.

Doa lisipotoka, litazame vizuri. Mchirizi wa kahawia uanziao kwenye kikonyo, nao uko juu ya ganda tu, ni kazi ya mchumaji. Kikonyo kinapokatika, utomvu huruka na kuliunguza ganda. Chuma embe pamoja na kikonyo chake, kisha likate na kuliinamisha ili utomvu udondoke chini.

Chule ni ugonjwa mbaya zaidi. Huletwa na kuvu nyingine, ambayo matone ya mvua huichukua kutoka kwenye vijiti vikavu na majani magonjwa mpaka kwenye maua na matunda machanga. Kuvu hiyo hujificha ndani ya ganda la embe bichi. Embe huchumwa likiwa safi kabisa. Likianza kuiva, madoa meusi hutokeza, hudidimia na kuungana. Hapo muuzaji hulaumiwa bure, kwani ugonjwa uliingia tangu mtini. Vijiti vikavu hukatwa na kuchomwa moto kabla ya mti kutoa maua.

Je, ukiona tundu dogo kama la sindano, na ganda linabonyea ukiligusa? Lipasue embe. Utakuta mabuu meupe. Nzi wa matunda jike ametoboa ganda na kutaga mayai ndani. Mwaka 2003 nzi wa aina moja kutoka Asia walionekana Kenya na Tanzania, nao wamewatia hasara kubwa wakulima wa maembe. Embe lenye mabuu huanguka. Mabuu hutoka, huingia udongoni na kugeuka bundo, kisha nzi. Kuyaacha maembe yaliyoanguka chini ya mti ni kuwafuga nzi hao. Yafukie katika shimo lenye kina cha zaidi ya nusu mita. Wale sisimizi wekundu waitwao maji moto, ambao watu huwachukia kwa kuuma, huwafukuza nzi hao mtini.

Jaribio: Tia mchanga wenye unyevu kidogo katika kopo. Weka juu yake embe lenye matundu, ufunge mdomo wa kopo kwa kitambaa chepesi. Chunguza kila siku kwa majuma matatu. Andika siku uliyoona mabuu, siku uliyoona bundo mchangani, na siku nzi wa kwanza aliporuka.