Mshauri Apimwe kwa Mizani ya Anaowahudumia

Juu ya kilima cha Kyambogo, mashariki ya jiji la Kampala, kipo chuo kikuu kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganishwa vyuo vitatu: cha ualimu, cha ufundi na cha elimu maalumu. Miongoni mwa wanaofundishwa hapo ni washauri nasaha, ambao kazi yao ni kumsikiliza mwenye majonzi na kumsaidia aione njia. Mhitimu aweza kuitwa shuleni, hospitalini au kambini. Swali gumu ni hili: atajulikanaje kwamba ameiva?

Vipimo vingi vya ustadi huo vilitungwa ng'ambo. Hutaka, kwa mfano, mshauri amtazame mwenzake machoni. Lakini katika Buganda kijana amkaziaye mzee macho huhesabiwa hana adabu. Binti anayemsikiliza mama wa makamo huku ameinamisha uso atanyimwa alama, hali yule mama amekwisha kumwamini. Mwenye macho makavu atapewa alama zote, na mgonjwa hatasema neno.

Kambini jambo hili ni zito zaidi. Koplo akiulizwa na mshauri mwenye nyota begani kama analala vizuri, jibu ni moja: "Ndiyo, afande." Amekijibu cheo, hakulijibu swali. Kipimo kisichotazama jinsi mshauri alivyokiweka kando cheo chake, alivyokaa, na alivyovumilia kimya cha yule koplo, hakijapima kitu. Tena lugha ya kambi za Uganda ni Kiswahili. Mtihani wa Kiingereza hautaonyesha kama mshauri anafahamu uzito wa askari kusema, "Nimechoka na dunia."

Mfano mwema umekwisha kupatikana Uganda kwenyewe. Watafiti waliofika wilaya za Masaka na Rakai waliwauliza kwanza wanavijiji majina ya huzuni yao. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Juu ya maneno hayo yakajengwa matibabu ya vikundi, yakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili tu. Matokeo kutoka vijiji 30, yaliyotangazwa mwaka 2003, yalionyesha nafuu kubwa.

Vipimo navyo vimeanza kufuata njia hiyo. Kimoja chenye vipengele 18 kilitungwa Nepal na kutangazwa mwaka 2015. Mshauri huketi mbele ya mtu aliyefundishwa kuigiza shida, na mtazamaji humpa alama, kuanzia 1 kwa tendo la madhara hadi 4 kwa ustadi wa juu. Shirika la Afya Duniani liliieneza kazi ya aina hiyo kuanzia mwaka 2022, na Uganda ilikuwa katika nchi zilizoijaribu.

Hata hivyo mila isifanywe kisingizio. Kutunza siri hakubadiliki kwa kabila wala kwa cheo. Wala kuuliza waziwazi kama mtu anawaza kujiua, ingawa sheria iliyorithiwa kwa wakoloni ililihesabu jaribio hilo kuwa kosa la jinai, na mwenye kuulizwa akaogopa pingu. Kinachobadilika ni namna ya kuuliza, na nani aulize.

Wanafunzi wa Kyambogo hutoka Arua, Gulu, Mbale na Mbarara, wakaketi darasa moja. Kabla kipimo hakijachapishwa, wao na masajini wa zamani na wake za askari wangeweza kuulizwa: kwenu mtu aliyevunjika moyo husemaje, na humwambia nani?