BUSTANI YA MAONYESHO: TAZAMA, ULIZA, KISHA PANDA

Ndugu msomaji, hapa kwetu Kibakwe maji si kitu cha kuchezea. Mvua huanza Novemba au Desemba. Ikifika Mei, imekwisha. Kutoka hapo hadi msimu mwingine, kila ndoo ina kazi yake. Kuna maji ya kunywa, maji ya kupikia na maji ya mifugo. Kwa hiyo mtu akisema, "Tupande maua, tufanye na maonyesho ya bustani," wengi watamcheka. Watasema, "Maua hayaliwi. Hayo ni mambo ya watu wa mjini."

Wanaosema hivyo si wajinga. Wanauliza jambo la haki: je, bustani ya kutazamwa ina faida gani kwa mtu anayetafuta chakula? Hebu tulijibu swali hilo pamoja.

MACHO NI MWALIMU

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 8 Agosti, wakulima na wafugaji hukutana katika viwanja vya Nzuguni, Dodoma. Hayo ni maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kati, yaani mikoa ya Dodoma na Singida. Zamani Sikukuu ya Wakulima ilikuwa Saba Saba, tarehe 7 Julai. Tangu miaka ya 1990 sikukuu hiyo ni Nane Nane. Mwaka 2024 sherehe za taifa zima zilifanyika hapo hapo Nzuguni.

Mwezi wa Agosti ni kiangazi. Nje ya uwanja majani yamekauka, na vumbi linaruka. Ndani ya uwanja utakuta vipando vya kijani. Utaona mtama, alizeti, nyanya, mchicha na mizabibu. Kandokando ya njia utaona maua ya rangi nyingi. Mbele ya vipando vingi kuna kibao chenye maandishi.

Kwa nini mtu asafiri siku nzima kwenda kutazama mimea? Ni kwa sababu jicho halidanganyiki upesi kama sikio. Bwana shamba anaweza kukuambia mwaka mzima, "Panda kwa nafasi." Utaitikia, "Ndiyo, bwana shamba." Kisha utakwenda kupanda ulivyozoea. Lakini siku moja utasimama mbele ya vipando viwili. Kimoja kimepandwa kwa nafasi, na mashuke yake ni mazito. Kingine kimesongamana, na mashuke yake ni membamba. Siku hiyo hutahitaji kuambiwa neno. Utachagua mwenyewe.

Tena kutazama hakuharibu mbegu yako. Mkulima mwenye ekari mbili hawezi kujaribu kila aina mpya shambani kwake. Akikosea, watoto watalala njaa. Katika bustani ya maonyesho, wengine wamekwisha kujaribu. Wewe unaona matokeo kabla hujatoa fedha yako.

USITAZAME TU, ULIZA

Lakini angalia, ndugu msomaji. Kipando cha maonyesho hulelewa kama mtoto wa pekee. Kimepewa maji, mbolea na dawa kwa wakati wake. Shamba lako huenda halitapata hayo yote. Ukinunua mbegu kwa kuvutwa na ule ukijani tu, unaweza kupata hasara. Kwa hiyo simama mbele ya kipando, uulize mambo haya:

1. Mbegu hii inaitwaje, na inapatikana wapi?
2. Ilipandwa lini, na itakomaa baada ya siku ngapi?
3. Ilimwagiliwa mara ngapi kwa wiki?
4. Mbolea na dawa zimegharimu fedha kiasi gani?
5. Je, naweza kuhifadhi mbegu yake nipande tena mwakani?

Chukua daftari na kalamu. Andika majibu. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Soma vibao vyote mwenyewe, usimwachie mwingine akusomee. Bustani ya maonyesho inamfaa sana mtu aliyejifunza kusoma karibuni. Neno limeandikwa kwenye kibao, na kitu chenyewe kimesimama nyuma yake.

UA LA USAMBARA LILILOZUNGUKA DUNIA

Sasa sikiliza habari ya ua moja la nchi yetu. Katika misitu ya Usambara, mkoani Tanga, kuna mmea mdogo unaoota kivulini, penye mawe na unyevu. Maua yake ni ya zambarau. Majani yake yana vinyweleo laini. 

Wakati wa utawala wa Wajerumani, ofisa mmoja wa serikali yao huko Tanga aliuona mmea huo. Jina lake ni Walter von Saint Paul. Mwaka 1892 aliupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 ua hilo liliwekwa katika maonyesho makubwa ya maua katika mji wa Ghent, nchini Ubelgiji. Watu walilipenda mara moja. Wataalamu walilipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia ya ofisa huyo. Leo ua hilo hukaa katika vyungu madirishani, katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Wajerumani bado hulitaja kwa jina la Usambara.

Je, tunajifunza nini? Ua lilikuwa letu, lakini aliyelionyesha ni mtu mwingine. Biashara yake ikakulia huko lilikoonyeshwa. Huku nyumbani, baadhi ya jamaa za mmea huo sasa wamo hatarini kutoweka, kwa sababu misitu imekatwa. Kitu chema kisipoonyeshwa na mwenyewe, mwingine atakionyesha na faida itakuwa yake.

Wenzetu wengine wamelijua hilo siku nyingi. Uholanzi kuna bustani iitwayo Keukenhof. Ilifunguliwa kwa watazamaji mwaka 1950. Wakulima wa maua walitaka mahali pa kuonyesha mazao yao yakiwa yamechanua, ili wanunuzi waje waone. Kila mwaka huko hupandwa mizizi ya maua kama milioni 7, nayo hufanana na vitunguu. Bustani hufunguliwa kwa wiki 8 hivi tu. Watu hutoka nchi za mbali, hulipa kiingilio na kutazama. Wahenga walisema kweli: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

MAUA YETU YENYE KAZI

Huenda utasema, "Uholanzi wana maji, sisi hatuna." Ni kweli. Kwa hiyo sisi tuonyeshe maua yanayoijua nchi yetu.

La kwanza ni alizeti. Hili ni ua, tena ni ua kubwa. Linapendeza macho, na mbegu zake hutoa mafuta. Nyuki wakilitembelea, mbegu hujaa vizuri zaidi. Mwenye mizinga karibu na shamba hupata mafuta na asali.

La pili ni choya. Mmea huu huvumilia ukame. Ua likidondoka, hubaki maganda mekundu. Maganda hayo hukaushwa, huchemshwa na kutoa kinywaji chekundu chenye uchachu mtamu. Watu wa Dodoma hutengeneza hata mvinyo wa choya.

Kisha kuna mimea ya kupamba isiyotaka maji mengi. Mshubiri na boganvilia zikishika mizizi huvumilia jua kali. Boganvilia ina miiba, kwa hiyo huweza kuwa ua zuri na pia uzio. Lakini kuwa mwangalifu. Maua mengine yana sumu. Usipande mmea usioujua mahali ambapo watoto na mifugo huufikia. Muulize kwanza bwana shamba au bibi shamba.

MAJI YATATOKA WAPI?

Usichukue maji ya kunywa. Tumia maji yaliyokwisha kufanya kazi. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo yanafaa, mradi hayana mafuta mengi wala sabuni nyingi. Mwagilia jioni au alfajiri, jua likiwa halijawa kali. Tandaza majani makavu kuzunguka shina, ili udongo usikauke upesi. Changanya samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa husaidia udongo kushika maji. Na kumbuka uzio. Mbuzi mmoja anaweza kumaliza kazi ya miezi mitatu kwa asubuhi moja.

ONYESHO LA KIJIJI

Si kila mtu anaweza kupata nauli ya kwenda Nzuguni. Lakini kijiji kinaweza kuwa na onyesho lake. Chagueni mahali panapopitwa na watu wengi, kama vile shuleni, kwenye zahanati au karibu na mahali pa mnada. Kiwanja cha hatua 10 kwa hatua 10 kinatosha kuanzia. Gaweni vitalu vidogo. Kikundi cha akina mama kipate kimoja, vijana kimoja, wanafunzi kimoja. Kila kitalu kiwe na mboga, zao moja la shamba na ua moja.

Pandeni mwezi wa Mei, udongo ukiwa bado na unyevu. Kila kitalu kiwekewe kibao. Andikeni jina la mmea, tarehe ya kupandwa, maji yaliyotumika na gharama yote. Hapo ndipo onyesho la kijiji linapoweza kushinda onyesho kubwa. Mtazamaji atajua kuwa kazi ile imefanywa na jirani yake, kwa udongo ule ule na kwa ndoo kama zake. Hawezi tena kusema, "Wale wana mashine."

Chagueni siku ya kutazama. Wekeni waamuzi watatu kutoka kijiji kingine, ili pasiwe na upendeleo. Mshindi asiwe yule mwenye kitalu cha kijani tu. Awe yule aliyepata mazao mazuri kwa gharama ndogo na maji machache. Zawadi iwe kitu cha kazi, kama jembe jipya au mbegu bora.

Maua hayatajaza sufuria peke yake. Lakini ua zuri humsimamisha mpita njia. Akisimama, ataona mtama uliopandwa kwa nafasi. Ataona mchicha uliostawi kwa maji ya kusuuzia vyombo. Ataona kibao, atakisoma, kisha atauliza. Hapo somo limeanza, tena bila kuitisha mkutano.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usingoje mtu wa mbali aje kuonyesha kilicho chako. Zungumza na wenzako leo. Tafuteni kiwanja, wekeni uzio, tayarisheni samadi. Kazi ni kwenu.