Je, Wajua? Yesu alisalitiwa kwa bei ya mtumwa

Torati ilikuwa na bei ya mtumwa. Ng'ombe akimpiga mtumwa pembe hadi kufa, mwenye ng'ombe alimlipa bwana wa mtumwa shekeli 30 za fedha (Kutoka 21:32). Ng'ombe mwenyewe alipigwa mawe.

Yuda Iskariote naye alipewa na makuhani vipande 30 vya fedha ili amsaliti Yesu. Idadi hiyo anaitaja Mathayo peke yake. Marko na Luka wanasema fedha tu.

Karne kadhaa kabla, nabii Zekaria alilipwa vipande 30 kwa kazi ya uchungaji. Akaambiwa amtupie mfinyanzi, akavitupa ndani ya nyumba ya Bwana. Yuda naye alivitupa vyake hekaluni. Makuhani waliviokota lakini wakakataa kuvitia hazinani, kwa kuwa ni bei ya damu. (Kuvitoa hawakuona shida!) Wakanunua konde la mfinyanzi, liwe makaburi ya wageni.

La ajabu zaidi: Mathayo anasema hayo yalitimiza unabii, lakini anautaja kuwa wa Yeremia, si wa Zekaria. Yeremia kweli alinunua shamba, huko Anathothi, Yerusalemu ikiwa imezingirwa na Wababeli. Alilipa shekeli 17.